Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Kwako mdogo wangu wa damu,

Marahaba! Naitikia kabla hujaniamkia, maana nakujua, wewe hata kwenye karatasi ungevua kofia. Maisha yako yote umeniamkia bila kuchoka, na mimi nimekuzidi miaka miwili tu, ambayo yote niliitumia kunyonya na kulala. Ikiwa barua hii imekukuta mzima, mgongo haujakukaba na shemeji bado anakufokea kwa sauti ya kutosha, basi namshukuru Mungu. Mimi wa huku ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini, waulize madaktari.

Uliniuliza kama nimeanza kutoka nje. Ndugu yangu, tangu nivunje nyonga sijakanyaga ardhi. Binti yangu anakaa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo hili ilikufa kabla mimi sijavunjika. Tofauti ni kwamba mimi nilipata fundi. Mwezi wa pili nilijaribu kushuka ngazi mwenyewe. Nikafika kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, nikakwama. Kushuka siwezi, kupanda siwezi, nimekumbatia chuma cha ngazi kama mchumba. Wapangaji wakawa wananipita pembeni, pole mzee, pole mzee, kama napokea rambirambi zangu mwenyewe. Tangu siku hiyo mkwe wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na hana mzaha hata na barafu, akienda kazini anafunga mlango kwa nje. Nikamwambia hata mfungwa huambiwa siku yake ya kutoka. Akanijibu kwa adabu zote kwamba mfungwa hana nyonga ya chuma, baba. Kisha nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Basi nikabaki na kochi, dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, na televisheni. Binti yangu, wewe unamjua, uuguzi umemwingia mpaka kwenye kuongea, aliniwekea michezo kwa sababu taarifa ya habari inanipandisha presha. Na mwaka huu, mdogo wangu, dunia nzima imekimbia, imeogelea na kutwangana ngumi ili mimi nikae. Kombe la Dunia nimelitazama kuanzia makundi hadi fainali. Nimeona wanawake wakikimbia kilomita arobaini na mbili, na wa kwanza akafika anacheka kama aliyetumwa dukani. Nimeona watu wazima wakipanda milima kwa baiskeli wiki tatu nzima, na hakuna aliyekuwa anawafukuza. Bondia mmoja, jitu kama kabati, aliangushwa watu bado wanatafuta viti. Na ule mchezo wa kupiga mpira kwa ubao, siku tano wanacheza, katikati wanakunywa chai, mwishoni wanatangaza hakuna aliyeshinda! Nikasema huko ndiko nilikopaswa kuzaliwa.

Ila kuna kitu kimoja kilichoniharibia mwaka: mashine ya kurudia. Siku hizi mtu akifunga bao hathubutu kushangilia mpaka mashine itazame. Kwenye fainali lilifungwa bao tamu, uwanja mzima umesimama, na mimi nikainuka nikasahau nyonga. Kumbe mashine imeona kiatu kimetangulia kwa upana wa kidole. Bao likafutwa. Kwenye riadha kijana mmoja alishinda mita mia nne, akajifunga bendera, akalia na mama yake, na baada ya saa nzima wakamwita: alikanyaga mstari. Wakaurudia mguu ule mara kumi na mbili, taratibu, nami kila ukirudi nachungulia kama safari hii utakwepa. Halafu mwezi wa tisa, mwanariadha aliyekwisha kustaafu, ana kitambi na wajukuu, akanyang'anywa medali ya zamani kwa kosa lililochunguzwa upya. Binti yangu akasema safi sana, wezi hao. Mkwe akaongeza kwamba mwizi wa medali ni mbaya kuliko mwizi wa kuku, maana kuku angalau huliwa. Nikaomba wazime. Wakashangaa: Bingwa mzima amechoka michezo? Hata humu ndani wananiita Bingwa, si unajua.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniambia mjukuu wako ameshika nafasi ya pili katika mbio za shule, ametupa viatu ulivyomshonea kwa mkono wako, na anasema hakimbii tena. Na wewe, mzee mzima, kumbembeleza kwako kote ukamwambia asione haya, hata babu yake alikuwa wa pili, ndiyo damu yenu. Wa kwanza katika ukoo ni babu yake mkubwa. Ukaniomba nimwandikie maneno mawili matatu, ya bingwa kwa mkimbiaji. Nimeiandika barua hiyo mara sita, na mara sita nimeichana. Binti yangu anadhani nimepata mchumba anayenisumbua. Laiti! Mkwe ananifungia kwa kitasa, lakini mimi nilifungiwa zamani, kabla yeye hajazaliwa, na ufunguo ninao mwenyewe mfukoni.

Zikumbuke mbio zile. Njia ilitoka uwanja wa shule, ikapita kwa seremala, ikazunguka kilima chote hadi kwenye tangi la maji, ikarudi tena hapo hapo kwa seremala. Ili mtu asikwepe kilima, mwalimu wa michezo alisimama tangini akimfunga kila mkimbiaji kitambaa chekundu mkono wa kulia. Huna kitambaa, hukufika. Na vitambaa vile nani aliyevikata? Mama, kutoka gora moja, sisi tumekaa chini ya cherehani tukimwokotea. Wewe uliokota sindano ukamrudishia. Mimi niliokota kipande kimoja nikakitia mfukoni.

Umeelewa. Usijifanye miwani imechafuka.

Tangini sikufika. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, mkanipita wote, nikazama kwenye stoo ya seremala nyuma ya mbao. Nilitaka nitoke mkirudi. Lakini seremala naye, Mungu amrehemu, akapiga kufuli akaenda kutazama mbio! Nikakaa mle gizani, unga wa mbao puani, natamani kupiga kelele na kelele zenyewe ndizo zitakazoniumbua. Nikasikia miguu yako. Ulikuwa mbele, peke yako. Nikajipenyeza kwenye kidirisha cha nyuma, msumari ukanichana paja. Lile kovu ninalowaonyesha watu, kwamba nilianguka nikainuka nikashinda, ni la msumari wa seremala. Nikakukimbiza kwa miguu iliyopumzika kama ya bwana harusi, nikakupita karibu na utepe. Na wewe uligeuka ukaniona, ukatabasamu. Pumzi imekuishia, na bado ulifurahi kwamba ni kaka yako.

Tabasamu hilo nimerudishiwa mwaka mzima, taratibu, kuliko mguu wa yule kijana.

Watoto sabini wenye vumbi, mwalimu angemkumbuka nani? Alitazama rangi tu. Lakini mtu wa mkono wa kulia akijifunga mwenyewe, hufunga mkono wa kushoto. Jioni mama alikuwa ananiosha kidonda. Akautazama mkono wangu. Akautazama wako. Akakifungua kile kitambaa, akakitia ndani ya kikombe cha ushindi nilichopewa, akaendelea kuniosha. Mtaa mzima uliniita Bingwa. Mama aliniita jina langu mpaka anaingia kaburini.

Unajua yaliyofuata. Kiwanda kilitaka mshindi kwa ajili ya timu yake, kikanichukua, kikanipa kazi na nyumba, na kila mbio nilizowakimbilia msuli ulinikaza. Wewe ukabaki na sindano na soli za watu, na hata jina lako watu wakalisahau, wakakuita mdogo wake Bingwa.

Juzi nimewaambia wote wawili humu ndani. Binti yangu akalia. Mkwe akaniuliza kama nitakunywa chai. Kesho yake akafunga mlango, mara mbili, kama kawaida.

Pamoja na barua hii binti yangu amepakia kikombe. Kitambaa kimo ndani, fundo lake mama alilifungua, kwa hiyo usilitafute. Kikombe mpe mjukuu akitie kalamu, na umwambie akaviokote viatu vyake, kwa sababu damu yenu si ya wa pili na haijawahi kuwa. Msamaha sikuombi kwa posta. Njoo unitukane ana kwa ana. Safari hii sina kidirisha cha kutokea. Nisalimie shemeji, ambaye tangu siku ya posa yako alisema nina macho ya mwizi, ukanitetea.

Na ile marahaba ya juu kabisa ifute, haikuwa yangu.

Shikamoo, Bingwa.

Mimi kaka yako,
niliyekuwa stoo.