Yaya Octave, Mwambie Mama Afungue Bomba la Fosi

Kikula, Likasi
Alhamisi, tarehe 3 Julai 2025

Mpendwa yaya Octave, kaka yangu mkubwa,

Jambo yako, na jambo ya shemeji Gaëlle na watoto. Mko wazima huko Winnipeg? Ule mgongo uliokusumbua kazini umepoa? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Mume wangu Gracien anakwenda kazini Kakanda amevaa makoti mawili, wenzake wanamcheka.

Naandika kwa mkono, na binti yangu Tania atapiga picha karatasi hizi akutumie, kwa sababu sauti siwezi kutuma. Unamjua mama. Simu ikilia tu amekwisha kuketi karibu, anataka sauti ya nguvu asikie yote. Na haya hapaswi kuyasikia kabla yako.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kwamba sinki ya jikoni imeziba? Sababu ilikuwa ndogo. Huku kwetu baridi haigandishi maji, inagandisha mafuta ya ngazi tu, yale mawese ya kupikia. Mama anamwaga mabaki ya mchuzi pale, mafuta yanaganda ndani ya bomba, basi. Nilimwaga maji ya moto, yakapita. Lakini wewe, yaya, tayari ulikuwa umetuma ile sauti yako ndefu: funikeni mabomba kabla baridi haijazidi, zibeni kila mahali hewa inapoingia.

Mimi nilifikiri unatusimulia ya kwenu. Mama alisikia amri. Aliirudia kanisani, kwa majirani, hata kwa muuza makala ya kupikia: Octave amesema tuzibe! Nilipokuwa sokoni akakata sponji ya godoro la zamani la baba, akaifunga kwa nailoni, akaisindilia kwenye bomba la hewa la fosi, lile linalosimama nyuma ya choo. Shimo hilo la maji ya choo linapumua, yaya. Ukiliziba pua, litafungua mdomo.

Na limefungua. Choo kilianza kutoa mapovu kila tukimwaga maji. Kisha harufu ikatokea kwenye mfuniko wa fosi, pale penye ufa. Unaujua mfuniko ule. Ndipo mahali pekee penye sima ya saruji katika uwanja wote wa parseli yetu, na jua la asubuhi linafika pale kwanza. Kila baridi ikija, mama anaweka kiti chake pale juu, mbabula yake, lile jiko dogo la makala, miguuni, anachambua majani ya sombe. Sasa anaumwa kichwa kila siku. Anasema ni baridi. Baridi gani inanuka mayai mabovu?

Juzi nilikuwa nafua nguo, nikamwona anachochea makala. Cheche ikaangukia kwenye ufa. Moto wa buluu ukaruka, fuu! ukakimbia juu ya sima mpaka kwenye pindo la kikwembe chake. Eh Mungu wangu! Nilimmwagia beseni lote la maji ya sabuni. Hakuungua, nashukuru, ila nyusi ya upande mmoja hana. Nilikaa chini kwenye matope. Na yeye ananigombeza kwamba nimelowesha sombe!

Siku ile ile nilizunguka nyuma ya choo, nikaigundua sponji, nikaichomoa. Jioni nikaikuta imerudi. Nikachomoa tena nikaificha, akatia matambara. Nikamfokea, ndiyo, nimemfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Gracien alijaribu kusema naye, akakemewa kama mtoto. Kiti nikikihamisha, anakirudisha.

Lakini hilo si baya zaidi. Amemwita fundi. Keshokutwa Jumamosi anakuja kuziba bomba kwa sima, na ule ufa pia. Hapo ile hewa mbaya itapasua mfuniko, au itaingia ndani ya nyumba kupitia choo, na mama hakosi mbabula popote alipo. Tutamzika, yaya. Nasema wazi, sijui namna nyingine ya kusema. Fundi nilimkataza, akanijibu: "Minye nitakataa namna gani? Kazi ni ya mama, na mutoto mukubwa alisema."

Jana nilikaa naye chini, kwa upole safari hii. Nikamwambia, mama, Octave anaishi nchi ya barafu, sisi barafu tutaitoa wapi? Mama akasema: "Najua huku maji haigande. Minye si mujinga. Lakini tangu tuzike baba yenu, Octave hajakanyaga mu hii parseli. Hii njo kazi yake ya kwanza mu nyumba ya baba yake. Weye unataka niitupe?"

Niliingia ndani nikalia.

Kwa hiyo usimgombeze, wala usianze kumfundisha mambo ya gesi. Piga simu leo, usingoje Jumapili yako ya kawaida. Mwambie ni wewe unayetaka bomba lifunguliwe, na kiti kitoke pale. Halafu, nakuomba sana, mpe kazi nyingine ya kufanya hapa kwa jina lako. Apake mlango rangi, apande kitu, chochote, nawe umuulize kila mara imefikia wapi. Mimi niko hapa kila siku na kazi yangu haionekani. Hilo nimekwisha kulimeza, ingawa haliteremki vizuri. Lakini usipompa kitu kingine cha kwako, atairudia hii.

Msalimie sana shemeji Gaëlle, na mwanao Élysée mwambie shangazi yake amezipenda picha zake. Gracien na Tania wanawasalimu wote. Mama naye ameniona naandika, sikuweza kumficha. Anakusalimia sana. Amesema nikuambie usiwe na wasiwasi, bomba lako analilinda vizuri.

Mungu awahifadhi huko kwenu, nasi katika baridi hii yetu.

Mdogo wako, anayekupenda hata akikasirika,

Fidélie