Tungule ya Uzi Mwekundu

Jumanne, 3 Agosti 1971

Leo, baina ya Adhuhuri na Alasiri, nimeibiwa tungule moja, nyanya kama waiitavyo watu wa bara. Moja tu. Naandika hivyo hivyo ilivyo, anayetaka kucheka na acheke huko aliko.

Ilikuwa juu, kwenye paa letu la sakafu tunaloanikia nguo, katika kopo la samli lililo karibu na ukuta. Saa sita niliiacha imeshageuka rangi, uzi mwekundu umefungwa kwenye kikonyo. Nlikuwa niichume kesho asubuhi. Nikashuka kumaliza gauni la watu. Niliporudi — uzi upo, kikonyo kipo, tungule haipo.

Si tungule ya mchuzi ile. Ya mchuzi chukua, nani atakuuliza? Ile ni kazi ya miaka mitatu.

Kusi likivuma juu kule, mtungule wa shamba hausimami. Unarefuka mpaka unanipita kimo, kisha upepo unauvunja, na mie nabaki na majani. Mwaka 68 bibi mmoja wa Kijerumani niliyemshonea mapazia alipokwenda zake kwao aliniachia chungu cha mtungule wa pambo. Mfupi, shubiri moja na nusu, umejikunja, haujali upepo. Lakini tungule zake kama kunazi, chachu, ngozi kama ya kiatu. Nikasema: kimo cha huyu, tunda la yule. Nikalifungua ua changa kwa sindano, nikavitoa vile vidude vya manjano vya ndani kabla havijatoa unga, nikalipaka unga wa ua la yule wa pili. Nikafunga uzi ili nilijue. Ushoni nilijifunza mwenyewe, cherehani nikainunua mwenyewe, na hili nalo nikajifunza mwenyewe, kwa kuharibu.

Kizazi cha kwanza, miche yote mirefu. Yote! Nilikaa juu ya ndoo nikalia kwa hasira. Kisha nikasema la, sitoing'oa, nitauona mwisho wake. Nikapanda mbegu zake. Miche ishirini na nne, sita mifupi. Moja kwa nne. Na katika hiyo sita, mmoja ndio huo niliokuwa nautaka: shubiri mbili, hauegemei kijiti, na tunda linajaa kiganja. Tunda moja. Maua mengine yote yalipukutika.

Na mche wenyewe unakufa. Mnyauko umeuingia tangu Ijumaa. Majani yanalala mchana, jioni hayaamki. Kwa hivyo mbegu zangu zote zilikuwa ndani ya tungule ile. Hakuna nyengine.

Nimepita mlango kwa mlango. Bi Mwamvua wa chini, muuza mikate, kacheka. Kasema tungule moja tu, atanipa zake mbili. Nikamwambia zako hazina nikitakacho. Bi Time wa ghorofa ya kati kasema leo hakupanda juu kabisa.

Nguo zake ziko juu. Zinachuruzika maji.

Jumatano, 4 Agosti

Nguo za Bi Time zimelala juu. Shuka mbili, kanga, kanzu ya mumewe. Yeye ambaye siku zote huanua kabla jua halijazama, na akikuta ya mwenziwe imeigusa yake anaisogeza kwa ncha ya kidole.

Nimepekua taka. Ndoo zote za ngazini mpaka mfereji wa uani. Maganda ya muhogo, vichwa vya dagaa, mapera yaliyotafunwa nusu, tele — Bwana Shaame, mumewe Bi Time, aliletewa kikapu kizima kutoka shamba. Ngozi ya tungule hakuna hata moja.

Mche umekwisha. Nimeuacha umesimama na uzi wake.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nimejua kwa nini nguo hazianuliwi.

Wanawake walikuwa uani wanafua, mie dirishani natia pindo, hawakuniona. Bi Time anasimulia. Ati paa lina kago. Ati nimeyakaga makopo yangu, na nyuzi zile nyekundu, nyeupe na za buluu, nani asiyejua nyuzi za namna ile? Atakayegusa kilicho changu atavimba tumbo mpaka nimfungue mwenyewe. Bi Mwamvua akauliza, basi na shuka yangu iliyoko juu niiage?

Nyuzi za cherehani zile. Mwekundu — ya mbegu, isiguswe. Mweupe — ua nililolichanganya kwa mkono wangu. Buluu — ya kula. Mshoni anatia alama kwa uzi. Walitaka nitie kwa kitu gani, kwa lami?

Nilikuwa nshainuka nikawaambie. Kisha nikakumbuka: sabuni niliyoisahau juu jana nimeikuta palepale. Sabuni, zama hizi za foleni. Na nafasi yote iliyobaki kambani leo ilikuwa yangu peke yangu, sikusukumana na mtu. Nikakaa, nikaendelea na pindo. Juzi niliwauliza kwa uzuri hakuna aliyenijibu. Wakiogopa, waogope.

Ijumaa, 6 Agosti

Baada ya swala, hodi. Bi Time.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

Tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, hajaniamkia huyu. "Marahaba."

"Nimekuja kukuomba ufungue."

"Nfungue nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Mlango uko wazi, Bi Time. Jengine sijui. Sema."

Mumewe anaumwa. Bwana Shaame — karani wa bandarini, katibu wa kamati ya nyumba yetu, huyo huyo aliyetaka makopo yangu yashushwe kwa kuwa yanachafua paa. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Halali, hakai. Choo hajapata tangu Jumanne asubuhi.

Nikamuuliza: kago humshika nani? Akasema humshika mtu aliyechukua kisicho chake. Na asiyechukua? Akakaza kanga.

"Mume wangu si mwizi, Bi Mwanakheri."

"Alhamdulillahi. Basi hana kago, ana mapera. Mpe sanamaki, dawa ya kuendesha."

Akaondoka hakuaga. Na aondoke. Hawezi kuvipata vyote viwili. Ama mumewe kavimba kwa kago, na tungule kaila yeye. Ama ni mtu safi, na mie sina kago na makopo yangu yasisemwe.

Nilipokaa tena kwenye cherehani ndipo liliponijia, nikauondoa mguu kwenye kanyagio. Hajapata choo. Tangu Jumanne asubuhi. Na tungule imeondoka Jumanne mchana.

Kama ni yeye, mbegu zangu hazijaenda popote.

Kwetu Makunduchi, nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tukikimbilia haja utotoni, mitungule ilikuwa ikiota yenyewe kila mvua. Hakuna aliyeipanda. Mama akizichuma tungule zake, akizipika, na mezani hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Mbegu ya tungule haifi tumboni. Hilo nalijua tangu sijajua kusoma.

Jumamosi, 7 Agosti

Mzee Borafya, mzee wa mtaa wetu, katukusanya ukumbini chini ya ngazi. Nyumba nzima ipo. Bwana Shaame kashuka ameshika ukuta, mkono mmoja tumboni. Kaletewa kiti, hakukikalia.

Mzee Borafya kaanza kwa upole. "Mwanangu Mwanakheri, kata hizo nyuzi, nyumba ipumue. Uzi tu huo."

"Kama ni uzi tu, Mzee, basi unamdhuru nani? Uache."

Akazikuna ndevu. Akamgeukia Bwana Shaame, akamuuliza kama amegusa kitu juu.

"Mie nilipita tu," Bwana Shaame kasema. "Nilikwenda kutazama kamba ya nguo."

"Kago la kupita?" Bi Mwamvua huyo. "Basi na paka wangu nimpime tumbo. Juu kule ndiko anakolala."

Mzee kamwambia anyamaze. Kaniambia mie niwe na huruma, mtu anaumwa. Nikasema huruma nnayo na sanamaki nnayo, vyote viwili viko chumbani kwangu. Sharti langu moja. Aseme kwa kinywa chake, kaila au hakuila. Akisema kaila, uzi mwekundu naukata mbele yenu nyote sasa hivi. (Umebaki kwenye kikonyo kitupu cha mche mkavu, haunigharimu kitu. Hilo sikuwaambia.) Kisha atakunywa sanamaki, na chooni hatokwenda. Atakwenda kwenye ndoo yangu yenye mchanga. Na ndoo itarudi kwangu.

Bi Mwamvua kajifunika kanga uso mzima, mabega yanamtikisika.

"Unanivunjia heshima mbele za watu, Bi Mwanakheri," Bwana Shaame kasema.

"Kama ni wewe, heshima uliiacha juu, kwenye kopo la samli. Kama si wewe, choo chenu kile pale, nenda. Nani kakuzuia?"

"Ndilo tatizo," Bi Mwamvua ndani ya kanga.

Mzee Borafya mwenyewe katazama pembeni. Kisha kauliza, na akisema hakuila? Nikasema itakuwa kheri: nyuzi zitabaki, makopo yatabaki, na neno kamati nisilisikie tena ngazini kwangu. Bwana Shaame kafungua kinywa. Kakifumba. Kapanda juu kidogo kidogo, mkewe nyuma yake.

Mtu ambaye hakuila anasema hakuila. Neno moja hilo. Mbona halikumtoka?

Jumapili, 8 Agosti

Asubuhi Bi Time kasimama mlangoni, hakuingia.

"Na mtu akiwa... ameonja tu?"

Nikainua sindano. "Ameonja vipi?"

"Mtu kapanda juu, jua kali, ana kiu. Kaiona imeiva. Kachuma, kauma. Kisha ndio akauona uzi."

"Akatema au akameza?"

"Alichouma kameza. Hofu ikamshika."

"Na iliyobaki? Huyo mtu kaipeleka wapi?"

Akatazama ngazi, chini, juu. Akasema hilo hakutumwa, aulizwe mwenyewe. Akashuka mbio, hata kiatu kimoja kikamtoka.

Iliyobaki. Tangu Ijumaa nahesabu mbegu za tumboni, kumbe kuna iliyobaki! Nimepanda juu, nimetazama mpaka mapaa ya jirani, nimetia mkono kwenye mifereji ya mvua. Majani na manyoya ya kunguru. Ama kaificha, ama kaizika, ama kaifunga kwenye kitambaa kumpelekea mganga — na mganga ataichoma. Nusu ya tungule ile ina mbegu zaidi ya khamsini. Mie kumi zinanitosha. Hata tatu. Hata moja, kwa kuwa nikiipanda najua itatoka fupi. Ufupi haupotei tena pale ulipofika.

Sasa ni saa nane na nusu. Sanamaki nshaichuja, imo kikombeni, kisahani juu yake. Ndoo ya mchanga nimeiweka ngazini mbele ya mlango wao, kila apitaye aione. Mkasi nnao mfukoni. Maneno nimempa Bi Mwamvua ayapeleke, kwa kuwa yeye hatoyapunguza hata moja:

Bwana Shaame. Simtaki "mtu". Simtaki mkeo. Siitaki kamati. Uliimaliza, au uliibakisha? Na uliyoibakisha iko wapi? Nijibu wewe, kwa kinywa chako, kabla ya adhana ya Alasiri. Ikiadhiniwa hujaja, nafunga uzi mwengine mwekundu, na huo naufunga kwenye kitasa cha mlango wako.