Waya Usiokuwa na Kazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na nyonga ya bibi iwe imeanza kuunga. Mpe shikamoo yangu, na umwambie asikatae mazoezi ya kutembea hata kama anamwona yule muuguzi katili. Mimi mwilini sijambo, mitihani ya majaribio tumeimaliza. Baba naye ni mzima. Nyumba yenyewe, mama, haikaliki.

Najua habari za gari unazo, ila unazo za baba tu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ni yake, naye husimama karibu nikiongea, na wewe unanijua: nikiulizwa jambo kubwa ulimi unakuwa jiwe. Halafu, kwa heshima zote, nimekukasirikia. Hasira sijui kuisema kwa mdomo, kwa hiyo nimeileta huku.

Ilikuwa Jumapili ile nyingine. Baba alimwambia mjomba, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani, kwamba kama kweli ni fundi umeme basi ashughulikie taa za mbele za gari, zilikuwa zinawaka kama macho ya mgonjwa. Mjomba akajibu kwamba umeme ni umeme, uwe wa ikulu au wa banda la kuku. Ujue siku mbili kabla walikuwa wamegombana. Mjomba aliomba gari abebee ngazi na mizunguko ya waya mpaka kwenye jengo analolifanyia kazi, baba akasema gari lake si punda. Mjomba akasema punda angekuwa na nafuu, angalau angesalimia. Tangu siku hiyo hata chumvi walikuwa wanapitishiana kupitia kwangu.

Mjomba alishinda kwenye boneti asubuhi nzima. Akabadilisha nyaya za taa, akakwangua kutu, na alipobonyeza swichi mwanga ukafika ukutani kwa jirani mchana kweupe. Kwa fundi wa nyumba, taa ikiwaka kazi imekwisha. Akafunga boneti, akaenda kuoga. Injini hakuijaribu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi baba akazungusha ufunguo. Gari likasema ka! kisha kimya. Akarudia. Ka! Taa zinawaka vizuri, honi inalia mpaka mbwa wanaitikia, injini haigeuki. Baba akaenda ghalani kwake kwa miguu, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kila siku ya wiki ile ikawa hivyo.

Jumatano alimleta fundi wa magari, yule mnene mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Akapima betri, nzima. Akaifungua stata, ile mota ya kuwashia injini, akaiunganisha na betri palepale chini, ikazunguka kwa nguvu kidogo imtoroke mkononi. Alipoirudisha mahali pake, ka! Akajikuna kisogo, akasema hapa pana mkono wa mtu. Alimaanisha kuna mtu aliyegusa waya na kukosea, maana alitaka kurudi kesho yake na kipimo afuatilie mmoja mmoja. Lakini baba alisikia alichotaka kusikia. Akamwambia fundi asisumbuke kurudi, jibu ameshalipata.

Kuanzia hapo kila mlo ulikuwa vita. Baba alikuwa anakiambia kijiko chake kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alisema kuna watu ukiwanyima gari wanaliua, ili tukose wote. Mjomba akamwambia kama angetaka kuliua angelichoma moto, asingejisumbua kulitengenezea taa. Baba akasema mchawi naye huja msibani na machozi. Mjomba akasukuma sahani, akasema shemeji yangu akijifunza kutofautisha mke aliyemwoa na ukoo mzima aliodhani ameununua, tutaelewana. Mimi nilikuwa katikati na kitabu mapajani, nikijifanya nasoma.

Ijumaa ukampigia mjomba. Simu yake, kama hujui, imeharibika spika ya sikioni, husikika kwa sauti ya nje tu. Kwa hiyo nilikusikia, mama. Ulimwambia kwamba tangu utotoni hawezi kuona cha mwenzake kizima. Ulimwambia asikanyage tena kwako, wala asije kwa bibi kumpandisha presha. Hukumuuliza swali hata moja. Yeye alisema “haya dada,” mara mbili, akaweka simu kifudifudi mezani. Jumamosi akabeba begi la vifaa na godoro lililokunjwa, akatoka. Baba alimfungulia geti. Ndiyo heshima pekee aliyompa wiki nzima.

Jumapili baba alizungusha ufunguo mara nyingi, kwa hasira tu, na mimi nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Alipoingia ndani, ufunguo akauacha garini, nikafungua boneti. Ule waya wa chuma unaotoka kwenye eksileta kuelekea kwenye injini ulikuwa wa moto, ukanibabua kidole. Nikajiuliza umeme unatafuta nini kwenye waya wa eksileta. Kisha nikaelewa. Umeme lazima urudi betrini, ndipo uzunguke. Nyumbani una waya wake wa kurudia, lakini kwenye gari hurudi kupitia bodi lenyewe. Injini imekaa juu ya mipira, haigusi bodi vizuri. Pana utepe mmoja wa shaba iliyosukwa, mtupu, usio na plastiki, unaoifunga injini na bodi, na wetu haukuwepo. Ulikuwa kwenye kopo la misumari, mjomba alikoutupa. Umeme ukakosa njia kuu, ukawa unapenya kwenye uchochoro wa eksileta.

Nikausugua kwa msasa, nikaufunga kwa spana. Nikazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja.

Baba akatoka na povu la kunyolea shavu moja. Nilikuwa bado nimeshika spana, nikaificha nyuma ya sketi. Nilikuwa nimepanga maneno, wallahi nilikuwa nimeyapanga. Lakini yeye aliliangalia gari, akacheka, akaniambia umeona mwenyewe: mtu kaondoka jana, gari limepona leo. Akasema sasa hata kama mahakama ingekuja, ushahidi ndio huo unanguruma. Nikaenda kuirudisha spana. Tangu siku hiyo amewasimulia jirani, wenzake wa ghalani, hata yule fundi mnene. Ufundi wangu ndio umemmalizia mjomba kesi.

Sasa nije kwenye lililo gumu. Mjomba hakuutoa ule utepe kwa akili yake. Jumapili ile ulikuwa na kutu na umemkalia njiani, akaniita, akaniuliza kwa mzaha kama kwenye vitabu vyangu kuna waya mtupu kama huu usiokuwa na kazi. Nikafurahi kuulizwa, mama. Ni nani huniuliza kitu? Nikakimbilia kitabu cha fizikia, nikamsomea ukurasa kwa sauti: kwamba waya wa namna hiyo ni wa usalama, kwa kawaida haupitishi umeme. Ukurasa ule ulikuwa unaeleza nyumba. Sikusoma kichwa cha habari. Naye miaka kumi na tano amefunga umeme wa nyumba tu, akaona sawa. Akaufungua, akasema atanunua mpya baadaye. Kwa hiyo mkono ule wa mtu ulikuwa mdomo wangu, na wiki nzima nilikaa mezani nikisikia anaitwa mchawi.

Jana nilipotoka shule nilimfuata jengoni. Analala kwenye chumba kisicho na mlango wala dirisha, ametundika turubai. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, na kwamba nataka kumwambia baba ukweli. Nilidhani atafurahi. Alinifokea, mama, yeye ambaye hajawahi kunifokea. Alisema hakunyamaza kwa kunihurumia, nisijipe ukubwa. Alinyamaza kwa sababu fundi mzima hawezi kusimama mbele ya shemeji yake na kusema alifundishwa kazi na mtoto wa shule, tena akafundishwa uongo. Akasema afadhali aitwe mwovu, mwovu huogopwa, mjinga huchekwa. Nikisema, nitakuwa nimemuua mara ya pili. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kupitisha waya ukutani.

Nimelifikiria usiku na mchana. Naona amekosea. Mjinga hufundishwa, mwovu hufukuzwa, naye ameshafukuzwa na nyumba zote mbili alizokuwa nazo. Kwa hiyo nimesema, bila ruhusa yake.

Ombi langu ni moja. Mpigie. Usimwambie umemsamehe, hana kosa la kusamehewa na wewe, mwombe radhi tu. Asipopokea, piga tena. Atanichukia, najua. Anichukie akiwa ndani ya nyumba yenye milango.

Barua hii nimeinakili neno kwa neno, pamoja na yote niliyomwandika baba humu, maana nikianza kufuta nitafuta mpaka jina langu. Nakala nimeiegemeza kwenye usukani. Baba huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na hii yako naitia posta nikienda shule. Itakapokufikia, yeye atakuwa ameshasoma, nami nitakuwa nimeshamjibu.

Mbusu bibi mkono kwa niaba yangu. Nakutakia afya njema, na nakupenda, hasira nayo bado ipo.

Binti yako