Kopo la Senene la Mzee Gasana

Shikamoo Babu,

Kigali haijawahi kuona kijana kama mimi. Hapa Remera trafiki wanasimamisha magari nivuke. Nimempata askari mwenzako, Mzee Gasana. Anashona nguo, mguu wa risasi kaunyoosha, mwingine unakanyaga cherehani.

Nikamwambia, "Babu anasema ulimbeba mgongoni vitani."

"Muongo yule. Yeye ndio alinibeba mimi, nalia kama mtoto."

Sasa muongo nani, Babu? Mpigie simu mgombane. Alisimama wima akakupigia saluti, nikaipokea mimi, kifua mbele.

Nimekukumbuka, mzee wangu. Usiache dawa.

Kopo la senene wa kukaanga ulilonituma nimletee alilinusa, akafumba macho, akaliweka kabatini karibu na medali yake. Lilikuwa tupu, Babu. Senene niliwamaliza kwenye basi.

Mjukuu wako