Pedi Iliyoanguka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umeacha kukusumbua, na wifi ameacha kukupunguzia chumvi kana kwamba chumvi ndiyo iliyokutegua. Watoto wamepona kikohozi? Mama aliniambia yule mdogo sasa anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na tatu anairuka kila mara. Mwacheni, shangazi yake alikuwa hivyo hivyo na bado anaishi. Mimi mwili ni mzima. Habari za roho utazikuta mbele.

Najua utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa napotea njia, tunaishia kucheka na neno lenyewe linabaki kooni. Safari hii nataka nifike mwisho. Tafadhali usiisome ukiwa getini kwenye lindo lako. Isome nyumbani, umekaa.

Kazini hatujambo. Bosi ni yule yule, anaongea na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Bomba la pale tunapooshea magari bado linavuja, na bado anaahidi kulitengeneza wiki ijayo. Mashine yako ya kupiga polishi ninaitumia mimi, na kila asubuhi nazipanga pedi zake kama ulivyonifundisha: za sufu peke yake, halafu za sponji, ngumu, za kati, na zile nyeusi laini za kumalizia. Kila pedi na dawa yake ya polishi, hakuna kuchanganya. Wateja bado wanadhani tunapaka kitu. Nami nawajibu maneno yako, kwamba hatuongezi chochote, tunapunguza, na kilichopungua kwenye rangi hakirudi.

Sasa habari yenyewe. Jumatatu iliyopita aliingia yule mkunga mstaafu na gari lake jeusi. Ndiyo, lile lile lililokutoa kazini mwaka jana. Nilipoliona getini nikajifanya natafuta ndoo. Alisema ile mikwaruzo ya mviringo kwenye boneti na mlango wa kulia, ambayo siku ile ulijitahidi kuipunguza, inaonekana kila jua likiwaka. Alikuwa amevumilia kwa sababu, kwa maelezo yake, wewe ulimwomba radhi vizuri kuliko madaktari wote aliofanya nao kazi. Akauliza uko wapi.

Bosi akamjibu kwamba macho yalikuishia, ukaacha kazi mwenyewe. Mama wa watu akasema anashangaa, maana asubuhi ya siku ile ya mikwaruzo, kabla hujaanza kazi, ulimwonyesha ufa kwenye kioo cha mbele, mwembamba kama unywele, akauona kwa shida baada ya kuvaa miwani. Akauliza mtu wa macho yaliyokwisha aliuonaje. Bosi akainama kukagua tairi. Jibu nilikuwa nalo mimi, nikaokota ndoo nikaondoka.

Kazi ile ilinichukua siku mbili. Nilianza na kipande cha mlango kisichozidi kiganja, kwa pedi laini, kama unavyosema kwamba rangi huombwa kwanza, hailazimishwi. Mikwaruzo haikutikisika. Nikapanda ya kati, ikapungua. Nikajaribu ngumu kidogo, ikatii. Bosi alitaka niweke sufu nimalize mapema, nikamwambia tabaka la juu la gari hili limeshaliwa mara moja, nikilila tena kwa pupa tutaliona bati. Nilikuwa naisugua pedi kwa brashi kila nikimaliza sehemu, na baada ya sehemu mbili naivua naweka nyingine, kwa sababu ikishajaa dawa iliyochoka na unga wa rangi inapata joto na kuanza kuchora badala ya kufuta. Pedi zilipofika kumi na moja bosi alilalamika kwamba nabadilisha pedi kama nepi. Mkunga, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na chai yake, akamwambia katika maisha yake ameona matako mengi yaliyoungua kwa sababu mtu alichelewa kubadilisha. Bosi akaenda zake ofisini.

Nilicheka, kaka, kisha nikashindwa kuendelea. Nilizima mashine nikalia mbele ya mteja, pedi mkononi. Alidhani nimeumia.

Siku chache kabla ya hapo wifi alikuwa amenipigia simu. Aliniambia unatia uzi kwenye sindano mara moja tu, halafu unasema umebahatisha. Kwamba daktari wa macho alikupima akakuambia huna tatizo, nawe ukatoka ukisema anakufariji. Kwamba umeuza baiskeli, na ukifika barabara kubwa unamsubiri mwanao mkubwa akuvushe. Aliongea kama anayechekesha, lakini nilimsikia anavuta kamasi. Mtu mzima mwenye macho mazima anavushwa barabara kwa sababu yangu. Sijapata usingizi wa maana tangu hapo.

Sasa nimepiga moyo konde. Nisikilize.

Unakumbuka sheria yako ya kwanza, kwamba pedi ikianguka chini imekufa, haigusi rangi tena hata ikioshwa mara mia. Wiki ile ya gari jeusi nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nilikuwa nazianika zile nyeusi, moja ikaanguka pale mafundi walipokuwa wanakata vyuma, ikabiringika kwenye mchanga na chenga za chuma. Zilikuwa zimebaki tatu. Bosi alishanitangazia mbele ya watu kwamba mwanamke wa kupiga polishi hajapata kumwona, na kwamba amenichukua kwa dhamana yako, nikiharibu tunatoka wote wawili. Nikaogopa. Nikaikung'uta, nikaiosha, nikaikamua kwenye taulo, nikaianika na wenzake.

Ungeweza kuigundua. Wewe hupitisha kidole gumba kwenye kila pedi kabla ya kuifunga. Lakini siku ile bosi alikuwa anakuharakisha, na badala ya kupitisha kidole ukaniuliza mimi kama nimezikagua. Nikakujibu nimezikagua zote, ni safi. Ndivyo nilivyosema, kaka, huku nakutazama usoni.

Ulipopangusa mlango wa kulia na nusu ya boneti na kuiona ile mikwaruzo, uliacha mashine ukaenda kumwita bosi mwenyewe, maana wewe hufichi kosa. Mlipokuwa ofisini niliivua ile pedi nikafunga nyingine. Uliporudi ukaipitishia kidole gumba, ukaikuta safi. Basi ukasema mchanga ulikuwa juu ya rangi na wewe hukuuona, macho yako yamekwisha, utamuumiza mteja mwingine. Nilifungua mdomo niseme. Haki ya Mungu nilifungua. Lakini bosi alikuwa ananitazama, nikaufunga. Wiki iliyofuata ukaondoka, nami nikapewa mashine yako. Watu walinipongeza, nikapokea pongezi.

Sikukurudishia macho yako kwa mwaka mzima na miezi minne, wakati nilikuwa nayo chumbani kwangu. Ile pedi sikuitupa. Nilishindwa kuitupa na nilishindwa kuitazama, nikaifunga kwenye mfuko nikaisukuma nyuma ya kabati. Nimeiweka ndani ya bahasha hii kubwa. Nakujua, utasema na mimi nakufariji kama daktari. Basi pitisha kidole gumba, karibu na ukingo. Chenga bado zimo.

Mkunga nimemwambia kila kitu nilipomaliza kulia. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, kama wewe umeshajua. Bosi nimemwambia Ijumaa. Kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. Amenirudisha kwenye kuosha magurudumu, na sina neno, ni haki yangu. Mashine ameitundika kwenye msumari wako, akaniagiza nikuandikie kwamba haitashikwa na mtu mpaka utakapomjibu kama unarudi, ndiyo au hapana. Ukija na hutaki kuniona pale, nitatafuta kazi kwingine, nimeshaamua. Usinihurumie katika hilo.

Sikuombi unisamehe leo. Mtu anayeomba msamaha kwa haraka huwa anatafuta nafuu yake, na mimi nimeshapata nafuu nyingi kwa gharama yako. Nakuomba kitu kimoja tu: kesho vuka barabara peke yako.

Msalimie sana wifi, na wanao, hasa huyu mkubwa aliyekuwa anakuvusha. Mwambie shangazi anamshukuru na anamwonea haya. Mama najua bado anaamka alfajiri kuombea macho yako. Msomee barua hii yote, usimfiche hata mstari mmoja. Mwambie ya macho yamejibiwa zamani, sasa aniombee mimi.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwamini.