Mtutu wa Wasweden Umekuwa Kobe

Germantown, Marekani

Mama Elia, mke wangu,

Hujambo huko Nzega? Mkono wako wa kulia umepata nafuu? Mimi mzima, meno ninayo yote ya mbele, na barua hii naiandika mwenyewe, sikumwomba mtu. Ila watu wa nyumba hii wamenichosha.

Unajua tangu nifike kwa mwanao Elia nina kazi moja tu, kukata nyasi. Kupika wananikataza, gari siliwezi. Lakini nyasi! Nyumba za hapa zimeshikana kama mabehewa, na mtaa mzima hapana uwanja ulionyooka kama wetu. Watu walikuwa wanasimama na mbwa wao kuutazama. Elia akirudi kazini anasema, "Asante Baba," nami nakula ugali wangu bila aibu.

Juzi kaleta boksi. Ndani mna kitu cheusi kama kobe, kina magurudumu, eti kinakata nyasi chenyewe. "Baba, sasa wewe relax," ananiambia. Nani kamwomba kupumzika?

Nikakipindua nikitazame. Mama Elia, nikaona alama ile ile ya mdomo wa mtutu, iliyoko kwenye cherehani yako aliyotupa mke wa yule mmishenari Msweden siku ya harusi yetu. Na ndiyo ilikuwa kwenye bunduki ya mumewe, niliyoibeba mimi porini kutwa bila kuomba maji, na nyati nilimwona mimi kwanza, asikudanganye mtu. Nikawaambia, "Hawa ni watu wa bunduki."

Mjukuu wako Neema akacheka. "No, Babu, ni ya grass." Baba yake naye akacheka.

Nikamwambia Neema, "Tazama kwenye hiyo simu yako."

Akatazama, kicheko kikaisha. Kiwanda kilianza kwa kumtengenezea mfalme wao bunduki, zamani sana. Bunduki zilipokosa wanunuzi wakaingia kwenye cherehani, mashine za kusaga nyama, baiskeli, pikipiki, misumeno ya kuangushia miti, na sasa huyu kobe. Unadhani Elia alikubali kwamba nimeshinda? "Sawa Baba, lakini mashine inabaki."

Akafukia waya kuzunguka uwanja, wa kumwonyesha kobe mwisho wa shamba lake. Nikamwambia, "Huku umeingia kwa mama jirani." "Baba, nimepima." Haya. Jumatatu wote wametoka, kobe kaingia kwenye maua ya mama jirani, kayafyeka. Mama katoka anapiga kelele. Nikamwambia "Sorry, Madam," nikakibeba kile kitu begani kama bunduki ile, nikarudi nacho. Nilipokinyanyua kilizimika chenyewe. Angalau adabu kinayo kuliko mwanao.

Jioni Elia kanywea. "Samahani Baba, ulisema. Basi kesho uwe unakifuata nyuma, ukichunge."

Nikichunge! Mimi niliyebeba bunduki yao, leo nichunge kobe wao, asiye hata na maziwa!

Sasa nawe unaniletea habari kwamba Samweli anataka kuiuza cherehani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, eti kwa kuwa mkono wako hauwezi tena kuzungusha gurudumu. Huyo naye ana akili? Ulipokuwa na mimba yake, miguu imevimba, nani alikaa kwenye kigoda akazungusha gurudumu, wewe ukashika kitambaa tu? Sare za kwaya nzima tulizishona hivyo. Mwambie mwanao asiiguse, kama ananijua.

Nimemwambia Elia anikatie tiketi. Kanuna. Mkewe analia, Neema anasema nani atamwambia habari za nyati. Nimemwambia aje Nzega, nyati wangu hawakai kwenye simu.

Nisalimie dada yangu mkubwa, na shemeji yako fundi baiskeli, na mzee wa kanisa aliyesema nitasahau kwetu, huyo msalimie mara mbili.

Cherehani ipake mafuta. Kigoda kiweke upande ule ule wa kulia kwako.

Ni mimi mumeo,
Baba Elia