Kumwambia Mama Polepole

Jumanne, 12 Machi 2024

Dany amefariki. Shimo la dhahabu lilimbomokea jana kule Misisi. Kaka yangu wa pekee! Baba mdogo Eugène alinivuta nyuma ya nyumba, akaniambia, akaniziba mdomo nisilie. Mama alikuwa jikoni.

"Mama yako tutamuambia polepole," akasema. "Iko na tension, damu yake inapandaka."

Ndiyo desturi yetu, naijua. Leo anaumwa, kesho amezidiwa, na mwili ukikaribia hapa kwetu Baraka ndipo litajwe neno lenyewe. Kazi hiyo nimepewa mimi. Nikaingia jikoni, nikasema malaria. Uongo ulitoka vizuri kabisa — najichukia.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Gari lenye mwili limekwama njiani. Nimemwambia mama kwamba Dany amelazwa, ametundikiwa serumu. Akauliza kama anakula. Nikasema uji kidogo. Uji! Sasa anatafuta sukari ya kumpelekea.

Polepole. Tunamwambia hivyo anayebeba mayai, anayemgeuza mgonjwa kitandani, mtoto anayejifunza kutembea. Nilikuwa nalipenda neno hili. Lakini huku ni kumchoma mama sindano nyingi badala ya moja! Nimemwambia hivyo baba mdogo. Eti mimi bado mtoto. Mimi, mwenye watoto wawili!

Ijumaa, 15 Machi

Mama amerudi sokoni mapema, kapu tupu. Hakumuulizia Dany hata mara moja. Baba mdogo kapiga simu: gari limevuka mto, jioni watafika. Basi, ni leo. Nikajikaza, nikaingia chumbani kwake.

Akanitangulia. Macho yamevimba. Akanishika mkono.

"Émilienne, ikala hapa. Bamama ba ku soko banasema Dany anazidiwa kidogo. Usiogope, mwanangu. Pengine batamupeleka ku hospitali ingine."

Mungu wangu. Anajua! Wamemwambia huko sokoni, naye anadhani mimi sijui. Sasa ananiambia mimi polepole.

Nimesingizia kuchota maji, nimekimbilia uani na daftari. Nifanye nini? Nikilia, atajua kwamba nilimdanganya siku zote hizi. Nisipolia, itabidi aseme yeye, kwa kinywa chake, kwamba mwanawe amekufa.

Ananiita. Sauti ya chini, ile ya kumwamsha mtoto aliyelala. Anasema nirudi nikae, bado hajamaliza.